Kisanduku cha Asmahan na Kitambaa cha Juu Yake

Mwezi wa Machi mwaka 2007, mafundi wawili wa kampuni ya Teggmore walibisha hodi kwa Bi Shemsa, mjane wa Kitanga anayekaa chumba cha chini katika nyumba za wazee nyuma ya barabara ya Stratford, hapa Sparkhill, Birmingham. Waliingia na viatu vyao mpaka katikati ya zulia. Wakakitupa pembeni kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika meza ya simu, wakachomoa kisanduku cha kupigia simu ambacho Bi Shemsa alikuwa amekitumia kwa miaka bila kumsumbua hata mara moja, wakachomeka kingine, wakamwachia kijitabu cha maelezo kwa Kiingereza, wakaondoka. Kazi yote haikuchukua muda wa birika kuchemka.

Kisanduku cha zamani kilikuwa na vitufe vitatu. Ukibonyeza cha kwanza, simu inaita Tanga kwa dada yake. Hakuna la kusoma wala la kukumbuka. Kipya kilikuwa na skrini, na safu za vitufe vilivyolala bapa juu ya plastiki kama picha iliyobandikwa, na sauti ya mwanamke iliyotangaza bima kwa Kiingereza kabla simu haijaita. Macho ya Bi Shemsa hayaoni tena herufi, ziwe za lugha yoyote. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akaisikiliza bima mpaka mwisho, kisha akakifunika kisanduku kwa kitambaa chake. Wiki ile dada yake alifanyiwa operesheni katika hospitali ya Bombo, akarudishwa nyumbani, na Bi Shemsa hakujua kama yu hai au amekufa mpaka jirani mmoja alipopita kumjulia hali na kumpigia.

Dhuluma hiyo peke yake ingetosha. Lakini Teggmore waliongeza nyingine juu yake. Chini ya kisanduku kipya waliyaacha maneno yaleyale ya zamani: kwamba kimesanifiwa na Asmahan Idarous, Birmingham. Basi jirani alipomsomea maneno hayo, Jumamosi iliyofuata Bi Shemsa alishikwa naye mkono, akaenda mpaka nyumbani kwa Asmahan, akasimama kizingitini.

"Mwanangu, mie nimekukosea nini?"

"Kwani kuna nini, Bi Shemsa? Karibu ndani kwanza."

"Siingii. Nataka unambie hapa hapa. Ulitupa simu, tukakuombea dua kila Ijumaa. Leo umetunyang'anya. Kama ushatajirika, sema, tujue kuwa sisi basi tena."

Asmahan hakuwa amemnyang'anya mtu kitu. Alikuwa amekipinga kisanduku kile tangu alipoonyeshwa, kwa mdomo na kwa maandishi. Namna mwanamke aliyetumia miaka yake kuwaondolea wazee adha alivyofikishwa mahali pa kulaumiwa nao mlangoni kwake, ndiyo habari ninayoisimulia hapa. Naisimulia kwa majina, kwa kuwa waliofanya hayo wangependa sana yasemwe bila majina.

Asmahan alizaliwa Unguja, Vikokotoni, akaletwa Birmingham akiwa msichana wa shule baada ya baba yake, Mzee Idarous, kupata kazi katika kiwanda cha breki. Baba alifariki mapema. Akabaki na mama yake, Bi Mwanakhamis, katika nyumba moja ya zile zilizounganishwa ukuta kwa ukuta, mlango ukifungukia barabarani. Bi Mwanakhamis alikuwa mfumaji wa vitambaa. Hapakuwa na kochi, redio wala televisheni ya Mzanzibari yeyote wa Sparkhill ambayo haikuvishwa kazi ya mkono wake.

Watu walimsifu Bi Mwanakhamis kwa kufuma. Binti yake alikuwa akimtazama anapofumua. Mama akimaliza kitambaa hukitandaza mezani, hukiangalia kwa muda mrefu, kisha hushika uzi na kulifumua ua moja ambalo machoni mwa kila mtu lilikuwa zuri. Asmahan alipokuwa mdogo aliwahi kulia kwa ajili ya ua kama hilo.

"Mama, hilo lilikuwa zuri kuliko yote."

"Najua. Lakini lilikuwa limejaa mno, wenziwe hawapumui."

Mafunzo mengine aliyapata chuoni, jioni baada ya kazi, ambako alisomea umeme wa vifaa vidogo akiwa mwanamke pekee darasani. Mchana aliunganisha ving'ora vya wizi katika kiwanda kimoja cha mashariki ya mji. Huko alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena: kwamba wateja wengi wa ving'ora vile walikuwa wamevizima, kwa sababu hawakuweza kukumbuka namna ya kuviendesha. Alimwambia msimamizi wake. Msimamizi akamjibu kwamba kosa ni la wateja. Asmahan hakukubali jibu hilo, na mpaka leo hajalikubali. Kiwanda kilipofungwa, mwaka 2001, alikodi meza ndani ya duka la nguo kwenye barabara ya Stratford akawa anatengeneza simu za mkononi.

Anayekumbuka miaka ile anakumbuka kadi za simu. Zilining'inia katika kila dirisha la duka, zenye picha za tembo na bendera, kila moja ikiahidi dakika nyingi kuliko nyingine. Ili kupiga Unguja, ilikupasa kwanza upige nambari ya kampuni ya kadi, kisha ukwangue kadi na kuingiza nambari ya siri iliyochapwa kwa herufi ndogo kama punje za ufuta, kisha uingize nambari ya nchi na ya mtu mwenyewe. Ukikosea tarakimu moja, unaanza upya. Vijana walikosea na kucheka. Wazee walikosea na kuona haya.

Bi Mwanakhamis alikuwa ameanza kupoteza macho kwa presha ya macho. Vidole vyake bado vilifuma, kwa kuwa vilijua njia, lakini kadi hakuiona. Mchana binti yake yuko kazini, na usiku Unguja wamelala. Kwa hiyo akawa anakwenda kwenye duka la kadi, na mwenye duka, kwa wema kabisa, anampigia, anampa mkono wa simu, na kubaki hapo hapo akipanga mabiskuti.

Siku moja, katika arusi huko Acocks Green, mwanamke ambaye Bi Mwanakhamis hakumfahamu vizuri alimshika mkono akamwambia, "Pole kwa yaliyomfika mpwa wako. Talaka si jambo dogo." Habari ile Bi Mwanakhamis alikuwa hajamwambia mtu. Aliisikia kwa kaka yake, kwenye simu ile ya dukani, siku chache kabla.

Hakugomba na mtu. Aliacha tu kupiga simu. Asmahan alipomuuliza, alisema hana la kuwaambia watu wa Unguja. Mtu aliyezungumza na kaka yake kila wiki tangu aondoke kwao akawa ghafla hana la kumwambia.

Hapo ndipo Asmahan alipoanza. Alitaka kitu kidogo kitakachokaa kati ya simu na ukuta, chenye kukumbuka tarakimu zote, ili mama abonyeze mara moja na kaka yake aitike. Umeme wa jambo hilo haukuwa mgumu kwake. Hata tatizo la kadi kuisha na nambari ya siri kubadilika alilimaliza kwa kumshawishi muuza kadi mmoja ajaze salio kwenye nambari ileile. Kilichomsumbua kilikuwa umbo.

Mwili wa kisanduku ulitengenezwa na Paramjit, Kalasinga wa Kisumu mwenye karakana ya plastiki upande wa Hodge Hill. Paramjit aliondoka Kenya akiwa kijana, lakini Kiswahili chake alikuja nacho na hakukiacha. Asmahan alimwendea na mchoro, akarudi na mchoro mwingine, na kila mchoro ulikuwa na vitu vichache kuliko uliotangulia. Kila mara Paramjit alilazimika kuchonga upya kalibu ya kumiminia plastiki.

"Dada, sikiza," alimwambia siku moja, akiwa ameshika kalibu ya nne mkononi. "Mimi niko kwa hii kazi kutoka zamani. Kila mteja ananiambia weka: weka hii, weka ile. Wewe peke yako ndiye unakuja hapa kila Jumatatu unaniambia toa."

"Basi si nakupunguzia kazi?"

"Kutoa ndiyo kazi. Siku moja utaniletea mchoro haina kitu, uniambie, Paramjit, nitengenezee hii."

"Siku hiyo nitakulipa hewa."

Kisanduku cha kwanza kilitoka mwanzoni mwa mwaka 2004. Kilikuwa cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, na juu yake palikuwa na vitufe vitatu bapa vilivyotoa mwanga: kijani, manjano na buluu. Mshono wa plastiki hukuuona. Paramjit mwenyewe, aliyekuwa amelalamika tangu mwanzo, alikiweka dirishani karakanani kwake akawa anawaonyesha watu kama mtoto wake. Asmahan aliwagawia vingine kama hicho wanawake wazima waliokuja nyumbani kwao kwenye khitma ya baba yake, akaingiza nambari za ndugu zao, akawaacha wakajaribu. Hakuwapa maelezo. Hiyo ilikuwa kanuni yake na aliishika kwa ukali: kitu huwekwa mbele ya mtu bila kusema neno, na kama mtu atauliza, basi kitu hakijaisha.

Baada ya siku kadhaa akazunguka kuwatembelea. Kwa Bi Shemsa hakukiona kisanduku. Aliona meza, na juu ya meza kitambaa cha kufuma, na katikati ya kitambaa kivimbe kidogo.

"Umekifunika, Bi Shemsa?"

"Sasa mwanangu, kitu kizuri namna ile nikiache kipigwe vumbi?"

"Lakini taa zake huzioni."

"Taa za nini? Nikitaka kupiga, napapasa."

"Unapata unayemtaka?"

"Napata mtu. Juzi nimemtaka dada, nikampata mkwe wangu Dubai, nikamwamsha. Tukazungumza vizuri tu."

Nyumba ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Na ya tatu. Kila mahali kisanduku kilikuwa kimevishwa, pengine kwa kitambaa chenye pindo la waridi, pengine kwa kitambaa kilichofumwa makusudi kwa kipimo chake. Alikuwa amekipendezesha mno. Kama kingekuwa kibaya, kingeachwa wazi kama pasi. Kwa kuwa kilikuwa kizuri, kiliheshimiwa kama televisheni, na heshima yenyewe ikakiziba macho. Anayeijua sebule ya Mswahili angeliona jambo hilo mapema. Asmahan alikulia ndani ya sebule hiyo, binti wa mfumaji, na hakuliona.

Alimweleza Paramjit. Paramjit akacheka mpaka akaegemea mashine.

"Waambie watoe kitambaa. Maneno matatu. Kazi imekwisha."

"Kitambaa kilikuwapo kabla yangu," Asmahan alisema.

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Toa taa."

Nimeitafakari sana siku ile. Wako watu wengi wenye elimu ya vifaa katika mji huu, na wengi wao, wakifika hapo, wangeandika karatasi ya maonyo na kuibandika: usifunike. Asmahan aliiona nyumba ya mteja kuwa na haki kuliko mchoro wake. Aliziondoa taa, ambazo zilikuwa fahari yake. Mahali pake akaweka vitufe vitatu vinavyopapasika: kimoja cha mviringo kama ushanga mkubwa, kimoja kirefu kama karanga, na cha tatu kibonde kidogo ambacho kidole hutumbukia chenyewe. Pembe zote alizilainisha ili nyuzi zisinase. Matundu ya hewa akayahamishia chini. Kisha akavijaribu vitufe vile kwa vitambaa vya mama yake, kimoja baada ya kimoja, vyepesi na vizito, mpaka akawa na hakika kwamba mkono unaviona.

Siku kilipokamilika alikiweka kwenye meza ya sebuleni, akakifunika kwa kitambaa, akakaa kwenye kochi bila kusema kitu. Bi Mwanakhamis alikuja kuketi mahali pake pa kawaida. Mkono wake ukapita juu ya meza kama ulivyozoea, ukanyoosha mkunjo wa kitambaa, ukasimama.

"Hiki nini?"

Asmahan hakujibu. Mama akapapasa: ushanga, karanga, kibonde. Akarudi kwenye ushanga akaubonyeza, akanyanyua mkono wa simu. Kukawa kimya, kisha mlio wa mbali, kisha sauti ya kaka yake wa Unguja ikiuliza nani mwenzangu. Bi Mwanakhamis aliweka kiganja juu ya simu, akamgeukia binti yake.

"Nenda jikoni," alisema. "Nna mazungumzo na ndugu yangu."

Asmahan akaenda jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Anasema hajawahi kufukuzwa mahali akafurahi namna ile. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku ya kukumbukwa katika maisha yake, kuliko ile ya baadaye aliyopewa cheti na meya. Mwanamke mzima alikuwa amerudishiwa mlango wa maneno yake, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake mwenyewe.

Habari zikasambaa kwa njia zake za kawaida: misikitini, arusini, kwenye foleni ya daktari. Wakaja Wakenya, wakaja Wakongo wakisema wanataka kupiga Bukavu. Mjamaika mmoja akakitaka kwa ajili ya mama yake, na Muairishi wa Acocks Green ambaye mwanawe yuko Cork. Wote walisifu, na wote, bila kuacha mmoja, walitaka kiongezwe kitu. Huyu alitaka saa. Huyu alitaka kiadhini. Paramjit alitaka walau taa moja irudi, ndogo tu, ya kumbukumbu. Asmahan aliwasikiliza kwa adabu akawakatalia wote.

Sitaficha kwamba kukataa huko kulikuwa na madhara yake. Vitufe ni vitatu, na watoto wa watu wengi ni zaidi ya watatu. Nyumba moja ya Sparkhill iliingia ugomvi mkubwa baada ya binti wa nne, aliyeko Mombasa, kugundua kwamba yeye hana kitufe ilhali shangazi anacho. Mama wa nyumba ile alikuja kulalamika, na Asmahan akamwambia achague. "Mtu hawezi kuchagua watoto," mama yule alimjibu, "labda wewe unayechagua kila kitu." Neno lile lilimchoma. Alilifikiria majira mazima ya baridi. Mwishowe hakuongeza kitufe. Aliruhusu kibonde kikibonyezwa kwa muda mrefu kimwite mtu wa nne. Binti wa Mombasa akaridhika, ingawa shangazi bado analalamika kwamba anapokewa kwa ubaridi.

Kufikia mwaka 2005 karakana ya Paramjit ilikuwa haitoshi tena. Hapo ndipo Teggmore, watengenezaji wa vifaa vya wazee, walipokuja na mkataba. Watatengeneza kisanduku kwa wingi, na shirika linalosimamia nyumba za wazee litakinunua na kukiweka katika kila chumba. Asmahan alidai sharti moja tu, nalo likaandikwa na kutiwa saini: hakuna kitakachoongezwa wala kupunguzwa bila ridhaa yake. Wakacheka kidogo, wakatia saini. Pengine walidhani ni madaha ya mwanamke. Kwa miaka miwili kazi ilikwenda vizuri, na wazee wa kila kabila wa upande huu wa mji walipiga simu makwao bila kumwomba mtu.

Mwezi wa Februari 2007 aliitwa kwenye mkutano katika jengo la kampuni, katikati ya mji. Paramjit alifuatana naye, amevaa kilemba kipya. Mkurugenzi, Bwana Clive Ensor, aliweka kisanduku kipya mezani na kueleza uzuri wake: skrini, orodha ya majina hamsini, lugha sita za kuchagua, na tangazo fupi la bima ambalo kampuni ya bima ilikuwa tayari kulilipia. Kulikuwa na karatasi ya ridhaa ya kutia saini.

Asmahan hakugusa karatasi. Alifungua mkoba wake akatoa kitambaa cha mama yake, akakitandaza juu ya kisanduku.

"Bwana Ensor," alisema, "mama yako yuko hai?"

"Yuko hai. Anakaa Devon."

"Mpigie."

Bwana Ensor akanyoosha mkono kukiondoa kitambaa.

"Kiache. Kitambaa ni cha mwenye nyumba."

Mkurugenzi alipapasa, akabonyeza, na sauti ya bima ikaanza kuzungumza chini ya kitambaa. Akabonyeza tena. Sauti ikamwomba achague lugha. Mmoja wa wasaidizi wake alikohoa. Asmahan alitoa kisanduku cha zamani, akakiweka kando ya kile, akakichomeka kwenye waya wa simu, akakifunika vilevile, akabonyeza ushanga. Simu iliyoko Sparkhill ikaita, Bi Mwanakhamis akapokea na kuuliza kwa Kiswahili kama binti yake atarudi kula au la.

"Nakuja, mama," Asmahan akajibu. Kisha akamwambia mkurugenzi, "Hiki nilichopigia ndicho tulichokubaliana."

Bwana Ensor alisema kwamba si nyumba zote zenye vitambaa. Alisema anaheshimu utamaduni wake, lakini soko ni pana kuliko utamaduni wake. Paramjit akamwambia kwa Kiingereza chake cha karakana kwamba giza liko katika kila nyumba, na uzee pia. Mkutano ukavunjika. Karatasi ya ridhaa ilibaki mezani bila saini. Mwezi uliofuata, mafundi wa Teggmore walikuwa kwenye zulia la Bi Shemsa.

Turudi basi mlangoni pale. Asmahan alimshika Bi Shemsa mkono, akamwingiza ndani karibu kwa nguvu, akamketisha pembeni mwa mama yake, akaeleza yote. Bi Shemsa alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa kama si chako, jina lako linatafuta nini mle?"

"Wameliacha wao."

"Basi kaliondoe. Jina ni la baba yako lile."

Asmahan alifanya zaidi ya hapo. Kalibu ya zamani ilikuwa bado karakanani. Paramjit alikuwa amekataa kuiyeyusha, akidai anaihifadhi kwa ajili ya makumbusho. Wakaanza kutengeneza tena, wawili tu, kwa mikono yao. Kila Jumapili Asmahan huvua viatu katika mlango wa mzee fulani, huondoa kitambaa, hukikunja, huchomeka kisanduku chenye vitufe vitatu, na kukirudisha kitambaa kama alivyokikuta. Bi Shemsa alikuwa wa kwanza. Dada yake amepona, na kwa habari nilizonazo sasa wanagombana kila jioni juu ya shamba la minazi, jambo ambalo si letu na ambalo hatungelijua kama Bi Shemsa asingelitangaza mwenyewe.

Teggmore walijibu kwa barua ya mwanasheria. Wanasema kisanduku ni mali yao, na kwamba Asmahan akiendelea kukitengeneza atashitakiwa. Yaani waliovunja mkataba wanatishia kumshitaki aliyeuheshimu. Shirika la nyumba za wazee, lililoahidi kusikiliza, limesema kwamba vifaa vipya vimekwisha kununuliwa na kwamba wazee watavizoea. Nimewauliza wazee. Hawajavizoea. Wameviacha chini ya vitambaa vyao, vikijizungumzia bima vyenyewe.

Asmahan Idarous hajaomba lolote kwa mtu, na pengine hatafurahi kwamba ninaomba kwa niaba yake. Lakini mwaka 2008 umefika nusu, wazee wanakufa wakisubiri, na ukimya wetu ndio unaowapa wakubwa hao usingizi.

Bwana Ensor na wenzako wa Teggmore: ondoeni jina la Asmahan kwenye kitu ambacho hakukisanifu. Ifuteni barua ya mwanasheria wenu. Mrudishieni haki ya mchoro wake, kama mlivyotia saini kwa mikono yenu wenyewe. Nanyi wakuu wa shirika la nyumba za wazee: msitume tena karatasi. Nendeni wenyewe, mlango kwa mlango, mkavitoe visanduku mlivyowalazimisha watu na kuwarejeshea vile vyenye vitufe vitatu. Mkifika, bisheni hodi na mngoje mjibiwe. Vueni viatu. Na mkimaliza, kirudisheni kitambaa mahali pake.